Maambukizi ya Wodini: Namna ya Kuwakinga Wagonjwa Wenye VVU na Wasio na VVU

Mgonjwa ameingia wodini Jumatatu akiwa na joto la nyuzi 36.8. Alhamisi usiku anatetemeka, kipimajoto kinasoma 39.4. Kabla hujafungua faili kutafuta majibu ya VVU, funua shuka. Angalia mkono wenye kanula (kijimrija cha plastiki kinachoingia mshipani), angalia mpira wa mkojo, angalia kidonda, sikiliza kifua, mgeuze uone mgongo na makalio. Mara nyingi chanzo cha homa ya namna hii ni kitu tulichomwekea sisi wenyewe, na kitu hicho humdhuru mwenye VVU na asiye na VVU kwa njia ileile.

Mwongozo huu ni wa wodi ya magonjwa ya ndani katika hospitali ya wilaya: vitanda 30, wauguzi wawili zamu ya usiku, maji yanayokatika, ndugu wanaolala kwenye mkeka kando ya kitanda. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2022 inasema kati ya wagonjwa 100 wanaolazwa, 7 katika nchi tajiri na 15 katika nchi za kipato cha chini na cha kati hupata angalau maambukizi mamoja hospitalini. Wodi yako ikijaa, hao ni watu wanne au watano.

Kwanza: yametoka nyumbani au ameyapata hapa?

Kanuni ya kazi ni saa 48. Dalili zikianza saa 48 au zaidi baada ya kulazwa, na hazikuwepo wala hazikuwa zinachipuka siku ya kuingia, yahesabu kuwa maambukizi ya hospitalini. Kwa kidonda cha upasuaji muda ni siku 30 tangu siku ya operesheni, na siku 90 kama mgonjwa amewekewa kifaa kinachobaki mwilini, kwa mfano chuma cha mfupa.

Kwa mgonjwa mwenye VVU ambaye kinga yake imeshuka, saa 48 pekee hazitoshi kuamua. Homa ya siku ya 4 inaweza kuwa salmonela (bakteria) iliyoingia kwenye damu akiwa bado nyumbani, TB iliyoenea mwilini, au kriptokokasi (fangasi wa uti wa mgongo) inayojificha nyuma ya maumivu ya kichwa. Na kama ameanza ARV ndani ya miezi mitatu iliyopita, kinga inayoamka inaweza kuushambulia ugonjwa uliokuwa umejificha na kupandisha homa bila maambukizi yoyote mapya. Kwa hiyo siku ya kulazwa, kabla ya dripu ya kwanza, andika kwenye faili mambo haya: joto, mapigo ya moyo, idadi ya pumzi kwa dakika, kikohozi kipo au hakipo na kwa muda gani, hali ya ngozi, CD4 ya mwisho (hesabu ya chembe za kinga) na tarehe yake, kiwango cha virusi, tarehe ya kuanza ARV, na kama anatumia kotrimoksazoli (antibiotiki ya kinga). Dakika tano. Faili lisipokuwa na mambo hayo, siku ya 4 daktari atabaki kubahatisha, na kubahatisha kwa kawaida huishia kwenye antibiotiki nyingine, seftriaksoni.

TB ina sheria yake. Mgonjwa aliyegundulika na TB siku ya 10 kwa kawaida hakuipata wodini kwako, kwa sababu ugonjwa huo huchukua wiki hadi miaka kujitokeza. Jambo la kuhofia ni kwamba kwa siku 10 amekuwa akiwakoholea majirani zake. Waandike majina waliokuwa vitanda vya pembeni.

VVU inabadilisha nini, na haibadilishi nini

Kinachoongeza hatari zaidi ni kushuka kwa kinga. Mtu anayetumia ARV vizuri, virusi vimefubaa na CD4 iko juu, hatari yake inakaribia ya jirani yake asiye na VVU. Mwenye CD4 chini ya 200 ndiye wa kumwangalia kwa jicho la pekee: hulazwa siku nyingi zaidi, huwekewa dripu nyingi zaidi, na baadhi ya dawa zake (zidovudini, kotrimoksazoli, flusitosini) zinaweza kushusha chembe nyeupe za damu zinazopambana na bakteria.

Jambo la pili ni kwamba dalili hufifia. Usaha hutengenezwa na chembe nyeupe za damu. Zikipungua, mshipa uliooza unaweza kuonekana mwekundu kidogo tu. Picha ya kifua inaweza kutoka safi mgonjwa akiwa na TB. Homa inaweza isipande kabisa, ukaona kuchanganyikiwa na pumzi 28 kwa dakika. Kwa hiyo kiwango cha kushuku kishushwe: kwa asiye na VVU unaweza kusubiri dalili mbili kabla ya kumwita daktari, kwa mwenye CD4 ya chini dalili moja inatosha.

Kisichobadilika ni tahadhari za kila siku. Mikono, glovu, sindano, taka, usafi wa vitanda: ni vilevile kwa kila mgonjwa. Usibandike alama kwenye kitanda cha mwenye VVU, usimtengee beseni, usivae glovu mbili kwa ajili yake ukavaa moja kwa mwingine. Kutenga mgonjwa kunafuata njia ya ugonjwa kusambaa, yaani hewa, matone au kugusana. Mwenye TB ya mapafu anatengwa awe na VVU au asiwe nayo, na mwenye VVU asiyekohoa hana sababu ya kutengwa. Alama kitandani humwaibisha mtu mbele ya ndugu zake, na tena humpa mhudumu imani ya uongo kwamba vitanda visivyo na alama ni salama.

Mikono

Kinachoamua watu watasafisha mikono au la ni umbali wa chupa. Ikiwa kitakasa mikono kiko kwenye meza ya wauguzi mwanzo wa wodi, hakuna atakayetembea mita 15 kati ya kitanda na kitanda mara 40 kwa zamu. Weka chupa ya mililita 500 katikati ya kila vitanda viwili, na chupa ndogo ya mililita 100 mfukoni mwa kila muuguzi.

Nyakati ni tano: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu (kuweka kanula, kufunga kidonda), baada ya kugusa majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka hata kama yeye hukumgusa. Huo wa tano ndio unaosahaulika zaidi. Muuguzi anarekebisha nguzo ya dripu, anasogeza kabati, kisha anaenda kitanda kingine akiamini hajagusa mtu. Kiganja kijae, sugua sekunde 20 hadi 30 mpaka pakauke. Mikono yenye uchafu unaoonekana, au baada ya kumhudumia mwenye kuhara, ioshwe kwa sabuni na maji sekunde 40 hadi 60, maana spiriti haiui mbegu za baadhi ya bakteria wa kuharisha. Maji yakikatika, ndoo yenye koki au kibuyu chirizi vinatosha, mradi maji yatiririke.

Famasi ya hospitali inaweza kutengeneza kitakasa mikono yenyewe kwa fomula ya WHO. Kwa lita 10: ethanoli ya asilimia 96, mililita 8,333, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, mililita 417, gliseroli ya asilimia 98, mililita 145. Mimina ethanoli kwanza, kisha peroksaidi, kisha gliseroli. Gliseroli ni nzito na hung'ang'ania kwenye chombo cha kupimia, kwa hiyo suuza chombo hicho kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, na maji hayo yaingie humohumo. Jaza maji kama hayo hadi lita 10, funika mara moja, tikisa taratibu, gawa kwenye chupa. Zikae saa 72 kabla ya kutumika ili peroksaidi imalize vijidudu vilivyokuwa kwenye chupa na spiriti. Fanya kazi hiyo mbali na moto na kwenye hewa. Chupa iliyokwisha ioshwe na kukaushwa kabla ya kujazwa tena; kuongezea juu ya mabaki, hasa kwa sabuni ya maji, ni kufuga bakteria.

Glovu zinastahili neno moja. Jozi moja iliyovaliwa kitanda cha 4 na kufika kitanda cha 9 inamlinda aliyeivaa, huku wagonjwa sita wakipokezana vijidudu.

Kanula na dripu

Hapa ndipo tunapopoteza watu wengi bila kujua, kwa sababu kanula inaonekana kitu kidogo.

Jiulize kwanza kama inahitajika. Mgonjwa anayekula na kunywa, anayepata dawa zenye vidonge vinavyofaa, hana haja ya kanula "kwa tahadhari". Kama inahitajika, fuata mpangilio huu.

1. Safisha mikono. Andaa vifaa vyote kwenye trei safi kabla ya kufunga tunikete (mkanda wa kubana mkono).
2. Sugua ngozi kwa klorheksidini ya asilimia 2 iliyo ndani ya spiriti ya asilimia 70, au spiriti ya asilimia 70 peke yake, kwa sekunde 30.
3. Acha ngozi ikauke yenyewe. Usipulize, usipepee kwa mkono. Spiriti hufanya kazi wakati inakauka. Ukichoma ngozi ikiwa na unyevu, umeingiza vijidudu vilivyo hai.
4. Usiguse tena sehemu uliyosafisha. Ukigusa kutafuta mshipa, rudia hatua ya 2.
5. Funika kwa plasta safi, na uandike juu yake tarehe na saa.
6. Iangalie kila zamu: maumivu, wekundu, uvimbe, mshipa mgumu kama kamba. Dalili moja, ng'oa na uhamishie mkono mwingine.

Kanula iliyowekwa kwa haraka mapokezi, mgonjwa akiwa na degedege au anatoka damu, ibadilishwe ndani ya saa 24 mgonjwa akishatulia, kwa sababu hatua ya 2 na ya 3 karibu kila mara zilirukwa.

Tazama sasa troli ya dawa. Kwenye wodi nyingi utakuta mfuko mmoja wa saline (maji ya chumvi) wa mililita 500 umening'inia, na sindano imeachwa imechomekwa kwenye mpira wake. Kila anayehitaji kusukuma dawa anavuta mililita 5 kutoka hapo. Asubuhi mfuko ulikuwa safi. Sindano iliyoachwa imegeuka mlango wa hewa, mikono kumi imepita, na ikifika jioni bakteria klebsiela aliyeingia saa tatu asubuhi amezaana mara nyingi. Kisha anasukumwa moja kwa moja kwenye damu ya wagonjwa wanane. Milipuko ya maambukizi ya damu wodini, hasa kwa watoto wachanga, imetokana na tabia hii mara kwa mara. Tumia ampuli ndogo za mililita 10, moja kwa mgonjwa mmoja. Zikikosekana, mgonjwa mmoja awe na mfuko wake wenye jina lake, uvutwe kila mara kwa sindano mpya na bomba jipya baada ya kusugua mpira kwa spiriti, na utupwe ndani ya saa 24. Mfuko wa pamoja usiwepo kabisa, hata siku ya upungufu.

Kwa mwenye VVU, kanula inakutana na jaribu la amfoterisini B, dawa ya homa ya uti wa mgongo ya kriptokokasi. Ile ya kawaida (deoksikolati) huunguza mishipa. Ichanganywe kwenye glukosi ya asilimia 5, kamwe si saline, maana kwenye saline huganda. Isizidi miligramu 0.1 kwa kila mililita, yaani miligramu 50 kwenye mililita 500. Ipite taratibu kwa saa 4 hadi 6. Lita moja ya saline inayotangulia kulinda figo ikiisha, sukuma mpira kwa glukosi kabla ya kufungulia dawa. Dripu ikimalizika sukuma tena kwa glukosi. Mshipa uliounguzwa na dawa unafanana na mshipa wenye maambukizi, na mara nyingi huanza na la kwanza ukaishia la pili. Badilisha mkono mapema. Mwaka 2022 WHO ilipendekeza dozi moja tu ya amfoterisini ya liposomu, miligramu 10 kwa kila kilo, ikifuatiwa na siku 14 za flusitosini na flukonazoli (dawa za fangasi) za kumeza, baada ya utafiti uliofanyika Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe. Kwa mtazamo wa maambukizi ya wodini faida ni kubwa mno: dripu ya siku moja badala ya dripu ya wiki nzima. Hospitali yako ikiweza kuipata, idai.

Mpira wa mkojo

Mpira huwekwa usiku kwa sababu mgonjwa anajikojolea na wauguzi ni wawili. Siku ya 6 bado upo kwa sababu hakuna aliyeuliza. Kila siku unaobaki ndani hatari inaongezeka, kwa hiyo swali la raundi ya asubuhi liwe "mpira huu unatoka leo?" na jibu liandikwe. Kwa mwanamume anayejikojolea bila kuziba kwa mkojo, kondomu ya katheta au pedi vinatosha.

Ukiwekwa: glovu zilizotakaswa, mfumo uliofungwa, mfuko chini ya usawa wa kibofu wakati wote, hata mgonjwa anapopelekwa eksirei. Usiwekwe juu ya tumbo lake kwenye machela, usikae sakafuni. Umwagwe ukifika theluthi mbili, kila mgonjwa na chombo chake, na koki isiguse chombo. Kosa la kila siku ni kutenganisha mpira na mfuko ili kuchukua mkojo wa kupima. Sampuli ivutwe kwa bomba la sindano kwenye sehemu yake maalumu, baada ya kusugua kwa spiriti. Mkojo wa mfukoni umekaa kwenye joto kwa saa nyingi. Utaotesha kila kitu na kumletea mgonjwa dawa asizozihitaji.

Hewa

Mwaka 2005 na 2006, Tugela Ferry huko KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, wagonjwa 53 waligundulika na TB iliyo sugu kwa karibu dawa zote. 52 walifariki, nusu yao ndani ya siku 16. Wote 44 waliopimwa VVU walikuwa nayo. Nusu ya wagonjwa hawakuwa wamewahi kutibiwa TB, na thuluthi mbili walikuwa wamelazwa hospitalini muda si mrefu kabla ya hapo. Kwa wengi wao usugu huo haukutokana na kukatisha dozi. Waliuvuta kwenye hewa.

Habari njema ni kwamba dawa ya hewa ni dirisha. Watafiti walipima hospitali nane za Lima, Peru, wakachapisha matokeo mwaka 2007: madirisha na milango ikifunguliwa, hewa ilibadilika mara 28 kwa saa, zaidi ya mara mbili ya mara 12 zinazotarajiwa kwenye vyumba vinavyopitishiwa hewa kwa mashine. Majengo ya kale yenye dari ndefu na madirisha makubwa yaliyashinda ya kisasa. Wodi zetu nyingi za zamani, zenye madirisha pande mbili, zimejengwa hivyohivyo. Tatizo ni kabati lililosukumwa mbele ya dirisha, na kikohozi cha saa nane usiku kila kitu kikiwa kimefungwa kwa ajili ya baridi na mbu.

Pima hewa yako. Washa udi, simama katikati ya wodi, angalia moshi unaelekea wapi. Ukitoka dirisha la upande mmoja kwenda la upande wa pili, vizuri. Ukipanda tu na kuning'inia, hewa imesimama. Ukitoka kwa anayekohoa kwenda kwenye benchi la wanaosubiri, badilisha mahali pa benchi. Rudia usiku.

Ukitaka namba, hesabu ni hii: 0.65 mara kasi ya upepo kwa mita kwa sekunde, mara eneo la matundu ya upande wenye matundu madogo kwa mita za mraba, mara 3,600, gawanya kwa ujazo wa chumba. Chumba cha mita 8 kwa 6 chenye kimo cha mita 3 kina ujazo wa 144. Upepo wa 0.5 na matundu ya mita za mraba 2: 0.65 × 0.5 × 2 × 3,600 ÷ 144, sawa na mara 16 kwa saa. Funga madirisha, unabaki na sifuri au karibu yake. Vyandarua kwa kila kitanda na blanketi la ziada ndivyo vinavyoruhusu madirisha yabaki wazi usiku, kwa hiyo vihesabu kuwa vifaa vya kuzuia TB.

Hatua nyingine ni kumjua anayekohoa kabla hajapewa kitanda. Mapokezi aulizwe kila mtu. Kwa mwenye VVU, kikohozi cha muda wowote, homa, jasho la usiku au kupungua uzito, moja tu kati ya hayo linatosha kumpima TB. Mpe barakoa ya kawaida mgonjwa mwenyewe, maana inapunguza anachotoa. Mhudumu avae N95 (barakoa inayochuja hewa) na kuhakiki kwamba hewa haipiti pembeni. Makohozi yaende kwenye GeneXpert (mashine ya kupima TB) siku hiyohiyo. Mwenye VVU aliyelazwa akiwa na dalili za TB au CD4 chini ya 200 apimwe pia LAM ya mkojo (kipimo cha chembechembe za kimelea cha TB): maikrolita 60 kwenye kistripi, soma baada ya dakika 25. Majibu chanya yanaashiria TB; majibu hasi hayamwachii huru.

Anayesubiri majibu alale chumba cha pembeni au mwisho wa wodi upande ambako hewa ya wodi hutoka kwenda nje, mbali na wenye CD4 ya chini, kisukari na saratani. Na mwenye mkanda wa jeshi ulioenea mwilini asilazwe karibu nao, kwani nao husafiri kwa hewa.

Nimonia ya kitandani

Inua kichwa cha kitanda nyuzi 30 hadi 45 kwa kila asiyejitambua vizuri na anayelishwa kwa mpira. Kitanda kisichopanda kiwekewe matofali chini ya miguu ya upande wa kichwa. Mswaki mara mbili kwa siku. Mwenye utandu wa kinywani atibiwe, maana asiyemeza vizuri huvutia mate mapafuni. Chupa ya kulainisha oksijeni iwekwe maji yaliyotakaswa, yamwagwe na kubadilishwa kila saa 24. Maji ya bomba ndani ya chupa hiyo ni kidimbwi cha bakteria sudomonasi kinachopuliziwa puani.

Klorini na vifaa

Kwa damu na sehemu za juu za vitu zenye vimelea tunahitaji klorini ya asilimia 0.5. Gawanya nguvu ya dawa uliyonayo kwa nguvu unayoitaka, toa 1, unapata sehemu za maji. JIK ya asilimia 3.5: 3.5 ÷ 0.5 = 7, toa 1, maji sehemu 6 kwa JIK sehemu 1. Unga wa klorini wa asilimia 70: gramu 7 kwa lita. Iandaliwe kila siku, ifunikwe, imwagwe baada ya saa 24. Uchafu hula klorini, kwa hiyo futa damu kwanza, osha kwa sabuni, ndipo upake klorini na kuiacha dakika 10. Usinyunyizie hewani, usichanganye na tindikali. Deki kwa maji bila kufagia vumbi, kuanzia palipo safi kuelekea pachafu, na usisahau reli za kitanda na nguzo ya dripu.

Wengi tulifundishwa kuloweka vyombo kwenye klorini kabla ya kuviosha. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2016 haupendekezi tena: klorini hula chuma, na damu huigeuza dhaifu. Osha kwa sabuni na brashi ukivaa glovu nzito na kinga ya macho, suuza, kausha, kisha tia kwenye otoklevu (chungu cha mvuke wa shinikizo) nyuzi 121 kwa dakika 30 vikiwa vimefungwa.

Ndugu wa mgonjwa

Ndugu ndiye anayemwogesha, anayemlisha, anayemgeuza. Anagusa mgonjwa mara nyingi kuliko sisi, na jioni anamsaidia jirani asiye na mtu. Kumkemea hakusaidii. Mfundishe siku ya kwanza, kwa heshima:

"Shikamoo mama. Naona ndiye utakayekaa na kijana wetu. Naomba tusugue mikono pamoja, hivi, mpaka pakauke. Kila ukitaka kumlisha, na kila ukitoka kumwaga choo chake, fanya hivi. Ukitaka kumsaidia yule bibi wa pembeni, sugua tena kwanza. Na mpira huu wa mkojo usiuinue juu, hata akikusihi."

Mwambie arudie yeye mwenyewe. Kanga anayojifunika asimfutie mgonjwa. Ndugu anayekohoa apimwe kama mgonjwa. Na usimtajie ndugu hali ya VVU ya mgonjwa ili kumhimiza anawe. Sababu ya kunawa ni ileile kwa kila kitanda.

Homa imepanda: usiku huohuo

Kagua kama tulivyosema mwanzoni. Ng'oa kanula yenye dalili. Chukua damu ya kuotesha kabla ya antibiotiki: mililita 8 hadi 10 kwa kila chupa kwa mtu mzima, mara mbili, kutoka mishipa miwili tofauti, isiwe kupitia kanula iliyokuwepo. Ngozi kama kwa kanula, na kifuniko cha chupa kisuguliwe kwa spiriti. Usizitie kwenye friji. Mgonjwa akiwa mahututi, dawa isisubiri maabara, lakini dakika tano za kuchukua damu zipo. Kama alikuwa tayari kwenye seftriaksoni na homa imepanda juu yake, kuongeza siku za dawa ileile hakuna maana. Daktari achague kulingana na vimelea vinavyoonekana kwenye hospitali yenu. Majibu yakirudi baada ya siku 2 au 3, dawa ipunguzwe au ikomeshwe kwa kuyafuata.

Kwa mwenye CD4 ya chini ongeza: kipimo cha kriptokokasi cha damu, LAM, malaria, na kuitafuta TB hata kama umepata chanzo kingine. Magonjwa mawili kwa wakati mmoja ni jambo la kawaida kwake. ARV zisikatizwe kwa sababu ya homa.

Sindano ikikuchoma

Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue. Toa taarifa mara moja. Dawa kinga za VVU zianze ndani ya saa 2 ikiwezekana, mwisho saa 72, na zimezwe siku 28. Hatari ya VVU kwa mchomo mmoja ni kama asilimia 0.3, ya homa ya ini B inaweza kufika asilimia 30 kwa asiyechanjwa, kwa hiyo chanjo tatu, mwanzo, mwezi 1 na miezi 6, ni za kila mtu, wasafishaji wakiwemo. Usirudishie kifuniko cha sindano, na sefti boksi (boksi la kutupia sindano) lifungwe likifika robo tatu.

Kuhesabu

Daftari moja, likae kwenye kabati lenye ufunguo kwa sababu litakuwa na hali za VVU. Kila siku saa nne asubuhi andika: wagonjwa wangapi wamo, wangapi wana kanula, wangapi wana mpira wa mkojo, na maambukizi mapya. Tenganisha safu ya wenye VVU na ya wasio nayo. Mwisho wa mwezi gawanya maambukizi kwa siku za kifaa (jumla ya wagonjwa wenye kifaa hicho uliowahesabu kila siku), zidisha kwa 1,000. Maambukizi 3 ya mkojo kwenye siku 150 za mpira ni 20 kwa kila siku 1,000. Usilinganishe kwa idadi ya vichwa, maana wenye VVU walio dhaifu hukaa siku nyingi zaidi na watazidi hata kama wodi inawatendea wote sawa. Mwezi mmoja una namba ndogo mno, soma miezi mitatu pamoja.

Safu zote mbili zikiwa juu kwa kanula na mkojo, rudi kwenye mikono, mfuko wa saline na siku ambazo vifaa vinakaa. Ya wenye VVU ikiwa juu peke yake kwa maambukizi ya damu, angalia wanavyopewa amfoterisini na urefu wa dripu zao. Na watu waliowahi kulala wodini kwako wakianza kurudi na TB, washa udi tena saa nane usiku.